Usiku aliolala vizuri

Saa tisa na kitu za usiku. Stima zimepotea tangu saa sita, feni imesimama, na joto la kaskazi limejaa chumbani mpaka neti yenyewe unaiona nzito. Nikasikia ile sauti. Mama yeyote mwenye mtoto anayecheua anaijua, ni kama maji yanachemka kwa sufuria ndogo iliyofunikwa, halafu kikohozi kimoja kifupi, halafu kimya.

Nikawasha tochi ya simu. Maziwa yametoka mdomoni na puani, yamepita shavuni yakaingia sikioni, na kijana wangu amekodoa macho ananiangalia kana kwamba ni mimi nimemfanyia.

Nikamfuta kwa leso, nikambeba begani, nikampigapiga mgongo akatoa mbeuo wa mtu mzima. Halafu nikafanya kitu ambacho kwa wiki kumi nilikuwa nimejikaza nisikifanye.

Nikamlaza kifudifudi.

Akalala. Wallahi alilala. Mtoto ambaye kila saa moja na nusu yuko macho, mara anajinyonganyonga, mara ananung'unika kama mzee anayetafuta viatu gizani, usiku huo alinyooka moja kwa moja. Nami nikalala. Nilipofungua macho kulikuwa kumeshapambazuka, adhana ya alfajiri imenipita, matiti yamejaa mpaka dera limelowa, na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba sisikii kitu.

Mkono ulitangulia kabla ya akili.

Alikuwa mzima, ana joto, anapumua, shuka limemchora mistari shavuni. Nayasema mapema usije ukasoma na roho juu. Lakini hii ni wiki ya sita na ile asubuhi haijanitoka, na sijui nianzie wapi kueleza kwa nini, labda nianzie matangani.

Nyumba ya tatu

Siku nne kabla ya usiku ule, kwenye mtaa wetu hapa Majengo, Mombasa, nyumba ya tatu kutoka kwetu kulifiwa na mtoto. Hajatimiza miezi mitatu. Mama yake aliamka alfajiri akamkuta ameshaondoka, na maziwa kidogo puani. Si homa, si kuharisha, jana yake alikuwa anacheka na watu. Kwetu mnajua mambo yanavyokwenda, aliyefariki alfajiri baada ya adhuhuri ameshazikwa, hakuna wa kupasua wala wa kuchunguza, na mimi silalamikii hilo, nasema tu kwamba pengo la jibu halikai tupu, lazima watu walijaze.

Mkekani wakalijaza. Mmoja akasema jicho. Mwengine akasema nyuni, mbona hakuvishwa mvuje. Halafu shangazi mmoja aliyekuwa anamimina chai akasema, wala si kwa ubaya, kwa ile sauti ya mtu anayejua: "Amepaliwa na maziwa huyo. Hakucheulishwa."

Nyumba ni ndogo.

Mama mtu alikuwa ameegemea ukuta, amejifunga leso mbili kifuani moja juu ya nyengine, manake maziwa yalikuwa bado yanatoka.

Mi nilirudi nyumbani na lile neno moja tu. Hakucheulishwa. Sa mtu mwenye mtoto anayecheua mara sita kwa siku, ukishamuingizia neno kama hilo, unategemea alale vipi?

Hoja ya mavyaa

Mavyaa wangu yuko nasi tangu arubaini. Amelea watoto saba, wote kifudifudi, wote wako hai na mmoja ndo nimeolewa naye. Tangu siku ya kwanza alikuwa ananiuliza suali lile lile: "Mwana yuwacheua, wamlaza chali ya nini? Takuja paliwa."

Na tusemeni ukweli, hoja yake haina kosa ukiisikia mara ya kwanza. Mlevi akilala chali akatapika si tunamgeuza? Mgonjwa aliyezirai si analazwa ubavu? Kilichonitesa mimi ni kwamba kliniki waliniambia "mlaze chali" na basi, limeandikwa, limesemwa, mwengine aingie. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Agizo lisilo na sababu haliwezi kushinda hofu yenye sababu, hasa saa tisa za usiku maziwa yakiwa puani.

Tukapatana nusu njia, ubavu, na leso imekunjwa nyuma ya mgongo kumzuia. Siku ya pili nikakuta amejipinda mwenyewe, leso iko kwake na pua iko kwenye godoro. Ubavu sio mlalo, ni njia ya kwenda kifudifudi.

Vidole viwili

Wiki hio hio ilikuwa chanjo ya wiki kumi. Foleni, vilio, mzani. Nilipofika kwa sista nikajikuta nimemwambia yote, stima, maziwa, kifudifudi, na nikasubiri kugombezwa manake masista wetu mnawajua.

Hakunigombeza. Alinyoosha vidole viwili vya mkono wa kulia, akaviweka kimoja juu ya chengine mbele ya uso wangu.

"Mtoto yuko chali. Hiki cha juu ni njia ya hewa, hiki cha chini ni umio, njia ya chakula. Maziwa yakirudi, yanatokea chini. Ili yaingie huku juu itabidi yapande."

Halafu akageuza mkono, kiganja juu, kidole cha chini kikawa juu.

"Sa umemgeuza. Njia ya chakula iko juu, ya hewa iko chini. Maziwa yanakwenda wapi?"

Nikabaki naviangalia vile vidole. Mama, mimi nina diploma, nimesoma bayolojia mpaka form four, hakuna siku moja niliyowahi kufikiria kwamba mtoto ukimgeuza na mabomba yake yanageuka.

Nikamuuliza, na ile sauti je, ile ya kuchemka?

"Hio sauti ndo anajilinda. Anameza, anakohoa, anaamka. Wewe unasikia hatari, mi nasikia mtoto yuko kazini."

Alikuwa ameshaanza kuvuta dawa kwenye sindano. Halafu, bila kuniangalia, akaniuliza: "Na usiku ule wa kifudifudi, alilalaje?"

Nikamwambia alilala vizuri sana, hajawahi kulala vile.

"Eh. Ndo shida yenyewe."

Usingizi tunaousifia

Hapo ndipo lilipoingia hili suala likakataa kutoka. Manake mimi nilikuwa naogopa maziwa. Maziwa yanaonekana, yana harufu, yanalowesha shuka, yana sauti. Kumbe kinachowachukua watoto hawa hakina sauti.

Nimesoma sana hizi wiki, usiku, kwa simu, mtoto kifuani. Kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, kile wanachokiita SIDS, kinawapata zaidi walio kati ya miezi miwili na minne, na karibu asilimia 90 ni kabla ya miezi sita. Mtoto akiwa kifudifudi anazama kwenye usingizi, kumuamsha ni shida, na tatizo si wewe unashindwa kumuamsha, ni mwili wake mwenyewe unashindwa. Pua iko kwenye godoro, anavuta ile ile hewa aliyoitoa, joto la mwili linakosa pa kutokea. Mtoto mwengine angeshtuka, angelia, angegeuza kichwa. Lakini watafiti wanasema kwa baadhi yao ile sehemu ya shina la ubongo inayopiga kengele, amka hewa imeharibika, haijakomaa. Na hakuna mama anayeweza kumtazama mtoto wake akajua kama kengele yake inafanya kazi.

Kwa hivo kule kuamka kila saa moja na nusu, kunung'unika, kushtuka, mambo niliyokuwa nikiyalalamikia kwa kila aliyenitembelea, ndo kengele zilikuwa zinalia.

Halafu nikakuta lililonitoa jasho. Hatari hio inapanda zaidi kwa mtoto aliyezoea kulala chali, halafu siku moja akalazwa kifudifudi.

Siku moja. Kama nilivofanya mimi.

Mavyaa hakuanza yeye

Nilitaka kumlaumu, wakwe ni rahisi kuwalaumu. Lakini ukifuatilia unakuta Benjamin Spock, yule daktari wa watoto wa Marekani aliyesikilizwa na mamilioni ya wazazi, tangu miaka ya 1950 alikuwa anashauri kifudifudi, na sababu yake ni ile ile ya mavyaa, neno kwa neno utadhani walikaa baraza moja: mtoto wa chali akitapika anaweza kupaliwa. Hospitali zikafuata, Ulaya ikafuata. Uholanzi walianza kuwalaza hivo miaka ya 70 na vifo vya ghafla vikapanda, mpaka mwaka 1987 daktari Guus de Jonge akasimama kusema wageuzeni. Uingereza ni utafiti wa Peter Fleming kule Bristol, na ni mtangazaji wa televisheni, Anne Diamond, aliyefiwa na mwanawe mwaka 1991 akakataa kunyamaza, kampeni ikaanza mwaka huo huo. Marekani nao wakaanza yao 1994. Kote huko vifo vikashuka zaidi ya nusu.

Na lile walilokuwa wanaliogopa? Watoto wote wamelazwa chali, wanaocheua na wasiocheua, vifo vya kupaliwa vikaongezeka? Havikuongezeka.

Nilisoma hio sentensi nikaisoma tena. Hofu nzima, ya mavyaa, ya Spock, ya yule shangazi wa chai, ilishapimwa na nchi nzima nzima na jibu likatoka kabla mimi sijazaliwa. Halijafika Majengo tu. Au limefika kama amri iliyoandikwa kwenye kijitabu cha kliniki, bila vidole viwili.

Kitanda cha Kongowea

Hapa nijitaje na mimi. Katika kuhangaika nilikuwa nimenunua kitanda cha mtumba soko la Kongowea, vile vinavyoinama, mtoto anakaa nusu kalala nusu kaketi kama abiria wa basi la Nairobi. Muuzaji akanihakikishia ni maalum kwa watoto wanaocheua, tena cha majuu. Lebo imekatwa. Nikalipa na nikamshukuru.

Cha majuu kweli. Mwaka 2019 huko Marekani kampuni ya Fisher-Price ilirudisha Rock 'n Play zake zote, milioni 4.7, vitanda vya mtindo huo huo wa kuinama, baada ya watoto zaidi ya 30 kufia ndani yake, na mwaka 2022 ikatoka sheria kabisa ya kupiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinamo wa zaidi ya nyuzi 10. Manake mtoto wa miezi mitatu shingo haijakaza, ukimuinamisha kidevu kinashuka kifuani na njia ya hewa inabanwa kama mpira wa maji uliokunjwa. Na kucheua kwenyewe hakupungui. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema wazi, kuinua kichwa cha kitanda hakusaidii, na mtoto anaweza kuteleza akaishia mahali pabaya. Wa kulazwa vyengine asiwe chali ni labda awe na tatizo kubwa la koo la kuzaliwa nalo, na hilo ni daktari wake anaamua, sio mimi wala muuzaji.

Sa kile changu ni cha kampuni gani sijui, ila mwinamo wake nimeuona. Nimekikata kitambaa ili asije mtu akakiokota jalalani kikarudi Kongowea.

Kemisti nako nilienda. Nikauziwa dawa ya kupunguza asidi bila hata kuulizwa mtoto ana kilo ngapi. Alikuwa anaongezeka uzito vizuri, ananyonya, anacheka, anacheua. Karibu nusu ya watoto wa umri huo wanacheua kila siku, ile kufuli iliyo kati ya tumbo na umio bado imelegea, chakula chao chote ni cha majimaji, na wanashinda wamelala, unatarajia nini? Inafika kilele kama miezi minne halafu inapungua, wakifika mwaka wengi wameacha. Sista alisema hio dawa sio ya mtoto kama huyu, ingelikuwa haongezeki uzito, au anakataa kunyonya, au anatapika kwa kuruka mbali, au damu, hapo mlete. Na akitapika kijani usingoje asubuhi.

Soksi

Tulivyo sasa: chali, kila mara, mchana na usiku. Godoro ngumu, hakuna mto, hakuna mdoli. Kifudifudi ni akiwa macho, mkekani, mimi nipo, na anapachukia. Siku atakapoweza kujigeuza mwenyewe huku na huku nimeambiwa nimwache, ila kumlaza nianze na chali.

Kitanda kimoja au tofauti? Wataalamu wanataka chumba kimoja, kitanda tofauti. Nawasikia, lakini mimi nina chumba kimoja na neti moja na mbu wa Majengo hawasomi miongozo. Kwa hivo tumempata kitanda kidogo cha mbao kwa fundi wa hapa hapa, kimesukumwa kikagusana na chetu, neti imeshonwa kipande ikafunika vyote viwili. Mume wangu, aliyekuwa akivutia sigara zake dirishani, sasa anavutia barabarani. Na kwenye kochi silali naye kabisa, hata nikiwa nimechoka vipi, manake kochi ni baya kuliko kitanda.

Joto ndio vita iliyobaki. Nyuzi 32 na mavyaa bado anamvisha kofia, soksi na blanketi la sufi asipate homa ya mapafu, wakati mtoto kupata joto kupita kiasi usingizini nako kumo kwenye orodha ya hatari. Siku moja nikamfanyia vile vidole viwili. Akaviangalia kimya. Akashika mkono wangu akaugeuza mwenyewe, akaurudisha, akaugeuza tena.

"Hawa walosoma," akasema, "wangelisema mapema."

Tangu siku hio anamlaza chali. Soksi bado anamvisha, namvua akitoka.

Mahamri

Lililobaki ndilo lililonifanya niandike.

Katika kusoma nilikutana na jambo kuhusu maziwa puani. Madaktari wanaopasua maiti za watoto wanayakuta maziwa kwenye njia ya hewa mara nyingi, hata kwa mtoto aliyefariki kwa sababu nyengine kabisa, manake roho inapotoka mwili unalegea na kilichoko tumboni kinapanda. Maziwa yanaweza kuwa yamekuja mwisho. Yaani kile kitu mtaa mzima ulikiona na kukitolea hukumu, chenyewe hakithibitishi lolote.

Nikataka kukimbia nyumba ya tatu nikamwambie. Halafu nikasimama mlangoni. Kwa sababu nikimwambia sio kupaliwa, atauliza basi ni nini, na jibu la hilo linapitia suali ambalo sina haki ya kumuuliza. Alikuwa kalalaje. Wiki nzima nilikuwa napita mlangoni kwake natoa salamu naenda zangu, mnafiki mkubwa. Mwanamke anaamini amemuua mwanawe kwa kusahau kumpigapiga mgongo, na mimi nina nusu ya dawa mfukoni naogopa kuitoa kwa sababu ya nusu ya pili.

Ijumaa iliyopita nilipika mahamri nikaenda, na mtoto nimembeba kwa sababu sikuwa na wa kumuachia, na nilivyofika nikajuta kumbeba. Alitukaribisha. Tukala, tukazungumza bei ya unga. Halafu nikamwambia, kichwa chini, lile moja tu: kwamba nimesoma, na sista nimemuuliza, na yale maziwa si kwa sababu hakumcheulisha.

Alinyamaza muda.

"Nilimcheulisha," akasema. "Wananiuliza kama wameniona. Nilimcheulisha."

Nikamwambia najua.

"Halafu usiku ule ndo alilala vizuri. Nikasema alhamdulillahi, leo amenipumzisha."

Sikumuuliza kitu. Nilikuwa na maneno mengi tangu nyumbani na yote yalikauka pale pale. Akanyoosha mikono akamtaka mtoto, nikampa. Akamuweka begani, akaanza kumpigapiga mgongo taratibu, na kijana wangu, ambaye hana adabu wala wakati, akacheua, maziwa yote yakateremka kwenye bega la buibui lake.

Nikaruka na kitambaa, samahani, samahani jamani.

Alikuwa ameshavuta pembe ya leso anamfuta mdomo, wala hakujishughulisha na bega lake.

"Mwache," akasema. "Mwache acheue."